Kichujio cha barua pepe kinapokutana na Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita, mwanzoni mwa Desemba, dada wa mapokezi ofisini kwetu alipokea barua pepe tatu ndani ya wiki moja. Zote zilitoka kwenye anwani asiyoijua, na zote zilimwambia kwa maneno machache kwamba atauawa. Shirika letu lilikuwa dogo, watumishi 40 na ushei, na mimi ndiye niliyesimamia barua pepe. Nilipozisoma mikono ilinitetemeka kwa hasira. Nikaingia kwenye mipangilio ya seva, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua za ofisi, nikafungua orodha ya maneno yanayozuiwa, nikaandika neno moja: kuua. Kisha nikaamuru kwamba barua yoyote yenye herufi hizo ifutwe kabla haijamfikia mtu.

Januari ilipofika, mhasibu alikuja mezani kwangu akauliza kwa nini mwaka huu hakuna mbia hata mmoja aliyetutumia salamu. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikakuta safu ndefu ya barua zilizofutwa. "Tunaungana nanyi katika kuuaga mwaka." "Tunapojiandaa kuuanza mwaka mpya." Tazama maneno yenyewe: kuuaga, kuuanza. Herufi nne za kuua zimo humo, zimepangana vilevile. Katikati ya salamu hizo ilikuwemo barua ya mfadhili iliyotufahamisha kwamba tarehe ya kupeleka ripoti imebadilika, na haikuwezekana kuirudisha. Na yule mtu wa vitisho? Barua yake ya nne ilipita bila kuguswa, kwa sababu safari hii aliandika "ntakuuwa", kwa w.

Tangu siku hiyo jambo hili limekaa moyoni mwangu. Ninayoeleza hapa nawaelekezea hasa wenzangu mnaosimamia barua pepe za shule, zahanati, SACCOS na ofisi ndogo, ambako mtu mmoja ndiye fundi wa printa, wa intaneti na wa kila kitu chenye waya.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kichujio kizuri hakianzi kwa kusoma maneno. Kinaanza kwa kuuliza barua imetoka wapi. Barua pepe ina bahasha, yaani maelezo ambayo seva moja huipa nyingine, na ndani yake kuna barua yenyewe, pamoja na ule mstari wa "Kutoka" tunaousoma sisi. Bahasha inaweza kusema hivi na mstari wa "Kutoka" ukasema vile. Kanuni ya SMTP, ambayo ndiyo husafirisha barua hizi, ilichapishwa mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa watu wachache waliofahamiana, na haikumtaka mtumaji athibitishe kwamba jina aliloandika ni lake. Ndiyo maana hata leo mtu aliye popote duniani anaweza kutuma barua inayoonekana imetoka kwa mkurugenzi wako.

Kuziba pengo hilo zimeongezwa kufuli tatu. Ya kwanza ni SPF: mwenye kikoa, yaani jina la mtandaoni linalofuata alama ya @ kwenye anwani, anatangaza hadharani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, kama ofisi inavyotangaza matarishi wake. Ya pili ni DKIM, ambayo hufanya kazi ya lakiri: seva inayotuma inapiga muhuri wa kihesabu juu ya barua, na seva inayopokea inaangalia kama muhuri umevunjwa njiani. Ya tatu, DMARC, inalinganisha majibu ya hizo mbili na jina lililo kwenye "Kutoka", halafu inaiambia seva inayopokea ifanye nini mambo yasipolingana: iache tu (p=none), iweke kando (p=quarantine) au ikatae kabisa (p=reject). Yote haya huandikwa kwenye rekodi za DNS za kikoa chako, yaani daftari la mtandao linaloeleza habari za kila kikoa, mstari mmojammoja, kwa mfano:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@example.com

Anza na none. Soma ripoti zinazokuja kwenye anwani uliyoandika penye rua kwa wiki kadhaa, maana karibu kila ofisi ina mfumo mmoja iliousahau, labda ule wa kutuma ankara au wa matokeo ya wanafunzi, unaotuma barua kwa jina la ofisi bila kuwa kwenye orodha ya SPF. Ukirukia reject siku ya kwanza utazuia barua zako mwenyewe. Lakini usikae kwenye none milele. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi wawe na kufuli zote tatu, kwa hiyo kazi hii haiwalindi watu wako tu, inasaidia pia barua zako zifike kwa wengine.

Hapa kuna kosa ninaloliona mara kwa mara na linaniuma. Barua ya mteja mmoja inanaswa, msimamizi anachoka na malalamiko, anaingia kwenye orodha ya wanaoaminika na kuandika gmail.com nzima. Au anaandika kikoa cha ofisi yake mwenyewe, akiamini kwamba barua zinazosema zimetoka ndani haziwezi kuwa na madhara. Kikoa chako mwenyewe ndicho tapeli anachokiiga kwanza. Ukikiweka kwenye orodha hiyo bila sharti la SPF au DKIM kupita, umemfungulia geti na kumwambia mlinzi asiulize kitu.

Baada ya asili ya barua, kichujio kinatazama viambatisho, na hapa sina huruma hata kidogo. Mei 2000 barua zenye kichwa "ILOVEYOU" zilizagaa duniani kutoka Ufilipino kwa siku chache tu. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows ilikuwa ikificha sehemu ya mwisho ya jina la faili, watu waliona ".TXT" wakadhani ni maandishi matupu. Hila hiyo haijafa. Bado zinakuja faili za aina ya "Ankara.pdf.exe", na kuna mtu atakayebofya kwa sababu anasubiri ankara.

Kwa hiyo zuia moja kwa moja faili zinazojiendesha au zinazobeba programu ndani yake: .exe, .scr, .js, .vbs, .bat, .jar, .lnk, .iso. Hakuna mzazi wala mgonjwa anayehitaji kuituma ofisi yako faili ya aina hiyo. Shika, usifute, nyaraka za Word na Excel zenye makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya waraka (.docm na .xlsm), pamoja na zip zilizofungwa kwa nenosiri, kwa kuwa kichujio hakiwezi kuona kilichomo na ndiyo sababu matapeli wanazipenda. Kama mfumo wako unaweza, uambie utazame aina halisi ya faili badala ya jina lake. Faili ya programu ya Windows huanza na herufi MZ hata ikibatizwa jina gani, na PDF ya kweli huanza na %PDF. Skana ya virusi kama ClamAV, ambayo ni ya bure, iwekwe nyuma ya sheria hizi na si badala yake.

Sasa tuje kwenye maneno, maana humo ndimo Kiswahili kinamoonewa.

Vichujio vingi havihukumu kwa neno moja. Vinatoa alama. SpamAssassin, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001 na inayotumika hadi leo kwenye seva nyingi za makampuni ya kukodisha tovuti, inaipitisha kila barua kwenye mamia ya sheria ndogondogo, kila sheria na alama zake, na jumla ikifika 5 barua inahesabiwa kuwa taka. Juu ya hapo kuna kujifunza kwa uwezekano, kwa kutumia kanuni ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza aliyefariki mwaka 1761: unakionyesha kichujio barua safi na barua taka, nacho kinakokotoa kila neno linaelekea upande gani. Katika SpamAssassin sehemu hiyo haianzi kufanya kazi mpaka uifundishe kwa barua zisizopungua 200 za kila upande. Ifundishe kwa barua zako. Kama hukufanya hivyo, kichujio chako kinaijua lugha ya matangazo ya dawa ya Marekani lakini hakijawahi kuona "Ndugu mwanachama, unakumbushwa kulipa hisa zako".

Orodha za matusi zinazokuja na programu nazo ni za Kiingereza, lugha ambayo neno lake hubadilika kidogo, aghalabu mwishoni. Kiswahili hujenga neno kuanzia mbele: mtenda, wakati, mtendwa, kisha ndipo mzizi. "Nitakuua" ni neno moja na ni sentensi kamili. Kichujio kisichojua hivyo hukosea kwa njia mbili, na mimi nilizipitia zote kwa mkupuo mmoja.

Njia ya kwanza ni kulinganisha vipande vya herufi. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti, kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazounda tusi. Mafundi wa kompyuta hadi leo huliita tatizo la Scunthorpe. Sisi tuna Scunthorpe katika kila aya. Andika "analipa ada" au "analeta vyeti", na kichujio cha Kiingereza kinachosoma vipande kitaona neno la aibu katika herufi nne za mwanzo. Andika "mashitaka", kama wanavyoandika wengi badala ya "mashtaka", na tusi lingine la Kiingereza limechomoza katikati. Hayo ni ya Kiingereza. Ukitaka kuongeza matusi ya kwetu, hali ni hiyohiyo: lipo tusi zito la herufi nne ambalo sitaliandika hapa, nalo ndilo mwanzo wa "kumaliza" na "kumaanisha". Shule ikilizuia kama kipande, barua zote za vijana wanaotarajia kumaliza kidato cha nne zitazama.

Njia ya pili ni kinyume chake: kulinganisha neno zima tu. Ukizuia "mjinga", basi "wajinga", "ujinga" na "kijinga" zinapita zikikupungia mkono. Ukizuia "nitakuua", zinapita "tutakuua", "watakuua", "nitamuua", na mitindo yote ya kuandika kwa haraka: ntakuua, takuua, ntakuuwa.

Dawa yake ni ruwaza, yaani maelezo ya umbo la neno badala ya neno lenyewe. Google Workspace, Microsoft 365 na SpamAssassin zote zinakubali ruwaza. Hii ndiyo niliyoiandika baada ya aibu ya Januari:

\b(ni|n|tu|wa|a)?ta(ku|mu|wa)uw?a\b

Isome polepole. Alama ya \b ni mpaka wa neno, mwanzoni na mwishoni, ili kipande kilichojificha ndani ya neno refu kisihesabiwe. Mabano ya kwanza ni mtenda, na alama ya kuuliza inayofuata inasema anaweza asiwepo, kwa hiyo "takuua" ya mkato inanaswa. Kisha ta ya wakati ujao. Mabano ya pili ni mtendwa: wewe, yeye, wao. Mwisho ni mzizi wenyewe, na w inaweza kuwepo au isiwepo. Mstari huo mmoja unanasa nitakuua, ntakuuwa, tutamuua na watawaua, ila "kuuaga mwaka" hauigusi kamwe. Yeyote aliyewahi kuchambua kitenzi ubaoni darasa la sita anaweza kuandika ruwaza ya namna hii, na nadhani walimu wetu wa Kiswahili wangeifanya kazi hii vizuri kuliko sisi mafundi. Orodha nzuri za namna hii zinahitaji watu wanaojua jinsi lugha inavyotukanwa mtaani, Tandale na Eastleigh, Goma na Mombasa, kwa kuwa tusi la mji mmoja mji mwingine ni neno la kawaida.

Hata hivyo ruwaza hiyo ilinasa barua ya kampuni ya kupuliza dawa iliyotuahidi: "Tutawaua panya wote ndani ya siku tatu." Kisarufi haina tofauti na tishio. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno mengi. "Mbwa" ni tusi, lakini ofisi ya mifugo haiwezi kuzuia neno hilo wakati inaandikiana kila siku kuhusu kichaa cha mbwa. Zahanati haiwezi kuzuia "ngono" na bado ipokee taarifa za magonjwa ya ngono. Na anayezuia "malaya" ajue kwamba kuna Chuo Kikuu cha Malaya, kule Kuala Lumpur, chenye wahadhiri na wanafunzi wanaoandika barua kama watu wengine.

Mwenye nia mbaya naye hakai kimya. Ataandika a kwa alama ya @, au atachukua herufi ya Kikirili, alfabeti inayotumiwa na Warusi, inayofanana na a kwa macho ingawa kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa. Ataweka tusi ndani ya picha, na kichujio kisichosoma picha hakitaona kitu. Linaloniogopesha zaidi ni tishio lisilo na neno baya hata moja. "Najua watoto wako wanasoma wapi." Hakuna ruwaza ya kuikamata sentensi hiyo. "Utakiona cha mtema kuni" unaweza kuiongeza kwenye orodha, lakini mama mmoja anaweza kumwandikia mwanawe hivyohivyo kwa sababu hajaosha vyombo.

Kwa sababu hizo nimefikia msimamo ambao siutetereshi: neno lisipewe mamlaka ya kufuta barua. Asili ya uongo inaweza kukataliwa mlangoni. Faili inayojiendesha inaweza kukataliwa mlangoni. Neno liongeze alama, na alama zikizidi barua ishikwe karantini, mahali ambapo mtu mwenye akili na lugha yake ataitazama. Barua iliyoshikwa kimakosa inaachiwa, lakini iliyofutwa hairudi.

Karantini nayo inahitaji mwenyewe. Nimeona mahali ambapo iliwashwa, ikasahaulika, na baada ya miezi ikakutwa imejaa barua za maombi ya kazi ambazo muda wake ulishapita. Panga siku na saa, mimi huzipitia Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na ziwekee muda wa kukaa usiopungua siku 30. Anayezisoma anasoma siri za watu, kwa hiyo asiwe kila mwenye nenosiri la msimamizi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Waambie watumishi wako kwa maandishi kwamba barua zinachujwa, nani anaziona, na kwa sababu gani.

Kabla ya kuwasha sheria yoyote mpya, ijaribu. Kwa virusi kuna maandishi ya EICAR, herufi 68 zisizo na madhara ambazo kila skana inatakiwa kupiga kelele ikiziona. Kwa SpamAssassin kuna maandishi ya GTUBE, yanayopewa alama 1000 papo hapo. Kwa Kiswahili sijaona kipimo kama hicho, kwa hiyo nilitengeneza changu: barua ishirini halali kutoka kwenye kikasha cha ofisi, zikiwemo za Desemba, na ishirini chafu. Sheria inawekwa kwanza kwenye hali ya kutia lebo tu kwa wiki mbili, bila kuzuia chochote, nami naangalia imegusa nini.

Kwa mtu binafsi mwenye Gmail kazi ni fupi. Fungua chaguo za utafutaji juu ya kikasha, andika anwani au maneno, kisha bonyeza sehemu ya kuunda kichujio. Chagua barua iruke kikasha na ipewe lebo, usichague kuifuta. Kumbuka kwamba Gmail haitafuti vipande vya maneno, kwa hiyo itabidi uandike kila umbo la neno, ukitenganisha kwa OR.

Kuna aina moja ya hatari ambayo mipangilio yote hii haiifikii vizuri. Ni barua isiyo na kiambatisho, kiungo wala tusi, iliyoandikwa kwa adabu: "Habari za kazi. Tumebadilisha benki, naomba malipo ya mwezi huu yaingie kwenye akaunti hii mpya." Mara nyingine inatoka kwenye akaunti halisi ya msambazaji wako iliyovamiwa, kwa hiyo SPF, DKIM na DMARC zote zinapita. Kwa mwaka 2023 pekee, FBI ilipokea taarifa za hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kutokana na ulaghai wa namna hii. Kichujio kinaweza kubandika onyo juu ya kila barua inayotoka nje, na kinaweza kushika barua yenye jina la mkurugenzi wako lakini anwani ya kigeni. Zaidi ya hapo inabaki simu: mhasibu ampigie msambazaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Yule dada wa mapokezi, baada ya kosa langu, nilikaa naye tukapanga upya. Hakutaka barua zile zifutwe, na alikuwa sahihi, kwa kuwa barua iliyofutwa si ushahidi tena, wakati Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018. Alichotaka ni asizione yeye. Nikamuuliza ni nani angependa azione badala yake. Akamchagua afisa utumishi, mama mmoja asiyesema ovyo. Nikaweka sheria kwamba barua yoyote ya kwake itakayogusa ile ruwaza, au itakayotoka kwenye anwani zile, iende kwenye folda ya yule mama ikiwa na vichwa vyake kamili vinavyoonyesha seva ilizopitia. Zikaja mbili nyingine kabla ya Februari kwisha. Dada hakuzisoma, na zote mbili zilipelekwa kituo cha polisi zikiwa zimechapishwa pamoja na vichwa vyake.